Siri ya Mgonjwa katika Zama za Kompyuta

Wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai. Methali hii yamwamuru mgonjwa afunue kila kitu mbele ya yule anayetaka kumponya: aonyeshe kidonda chake, ataje mienendo yake, na akiri hata yale asiyothubutu kumwambia mwenzi wake wa ndoa. Bila ya ukweli huo tabibu hupiga ramli tu. Lakini ndani ya methali hiyo mna sharti ambalo halikutamkwa, nalo ni kwamba aliyefunuliwa siri hatakwenda kuitangaza sokoni. Kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates wa Ugiriki ya kale, ambacho umri wake wapita miaka 2000, kilimfunga tabibu kuyanyamazia ayaonayo na ayasikiayo katika kazi yake. Mgonjwa husema kwa kuwa tabibu hunyamaza. Likivunjika hilo la pili, la kwanza nalo halidumu.

Kwa karne nyingi mapatano haya yalikuwa baina ya watu wawili. Katika zama zetu ameingia wa tatu, asiyekula kiapo chochote, naye ni kompyuta. Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi kompyuta ilivyoibadili siri ya mgonjwa, sheria zimejaribu kufanya nini juu ya jambo hilo, na kwa nini sheria peke yake, hata iwe nzuri namna gani, haitoshi.

Kutoka daftari hadi kompyuta

Wengi wetu twakumbuka, na wengine wangali wakifanya hivyo, kwenda zahanati na daftari la shule lililonunuliwa dukani, ambamo tabibu aliandika maradhi na dawa. Daftari lilikaa nyumbani, chini ya godoro au katika sanduku la nguo, na mwenye siri ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Katika hospitali kubwa palikuwa na majalada yaliyopangwa masijala, kila moja na namba yake.

Jalada la karatasi lilikuwa na ulinzi ambao hakuna mtu aliyeubuni, yaani uzito wake. Aliyetaka kuiba habari za wagonjwa 10,000 alihitaji ufunguo wa masijala, usiku mzima, na pengine lori. Tena aliacha pengo kwenye rafu, na asubuhi karani angepiga ukelele. Habari zilizomo katika kompyuta hazina uzito huo. Majalada hayo 10,000 huingia katika kifaa kidogo kuliko kidole gumba, kwa dakika chache, na baada ya wizi kila kitu hubaki mahali pake. Mwizi wa karatasi huchukua. Mwizi wa kompyuta hunakili.

Isidhaniwe kwamba nalilia kurudi kwa madaftari. Faida za kumbukumbu za kompyuta ni kubwa mno. Mgonjwa aletwapo usiku katika hospitali ya rufaa akiwa hajitambui, daktari aweza kujua mara moja kwamba penisilini humdhuru. Aidha, habari za wagonjwa zikikusanywa pamoja huzaa elimu ambayo mgonjwa mmoja peke yake hawezi kuitoa. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi mmoja katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini ulitumia takwimu za maradhi na vifo, zilizokusanywa kaya kwa kaya, ili wakuu wa afya wa wilaya wagawe fedha kulingana na mzigo halisi wa maradhi badala ya mazoea. Maisha ya watoto yaliokolewa kwa hesabu hizo. Basi swali letu halihusu kama habari zikusanywe au zisikusanywe. Swali ni nani azione, na atajulikanaje kwamba ameziona.

Twasema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika hospitali ya leo kata ni nyingi: karani wa mapokezi, muuguzi, tabibu, fundi wa maabara, mfamasia, karani wa bima, mtakwimu wa wilaya, fundi anayezitengeneza kompyuta, na kampuni inayohifadhi nakala katika jengo ambalo huenda liko nchi nyingine. Kila mmoja ana haja ya sehemu fulani ya maji. Hakuna hata mmoja mwenye haja ya mtungi mzima.

Muuguzi wa Finland

Kisa kinachofundisha zaidi juu ya jambo hili hakikutokea kwetu. Kilitokea Finland, nchi tajiri, yenye sheria iliyokwisha kuandikwa.

Mwanamke mmoja, ambaye mahakama ilimwita kwa herufi moja tu, alikuwa muuguzi katika kliniki ya macho ya hospitali ya umma kuanzia mwaka 1989. Tangu mwaka 1987 alikuwa akitibiwa katika kliniki ya maradhi ya kuambukiza ya hospitali hiyohiyo, kwa kuwa alikuwa ameambukizwa virusi vya UKIMWI. Mwanzoni mwa mwaka 1992 alianza kushuku kwamba wafanyakazi wenzake waijua hali yake. Wakati huo wafanyakazi wa hospitali waliweza kulifungua rejista ya wagonjwa bila kizuizi, na humo mliandikwa ugonjwa wa kila mtu na jina la daktari wake. Alimweleza daktari wake, na hospitali ikaibadili rejista ili kliniki inayomtibu mgonjwa ndiyo pekee iweze kuona habari zake. Yeye mwenyewe aliandikishwa kwa jina la bandia. Mwaka 1995 mkataba wake wa muda haukuendelezwa.

Mwaka 1996 aliomba jambo jepesi kulitamka: atajiwe majina ya watu waliolifungua jalada lake. Jibu alilopata ndilo kiini cha makala haya. Hospitali haikuweza kumtajia. Rejista ilionyesha mara tano za mwisho tu ambazo jalada lilifunguliwa. Ilionyesha idara iliyofungua bila kumtaja mtu. Na hata alama hizo chache zilifutwa mara jalada liliporudishwa kwenye hifadhi.

Alikwenda katika mahakama za nchi yake, akashindwa katika kila ngazi, kwa sababu hakuweza kuthibitisha kwamba fulani alilisoma jalada lake. Angethibitishaje? Ushahidi pekee ungaliweza kutoka kwa hospitali, na hospitali haikuuweka. Ni sawa na kumwambia mwenye shamba alete nyayo za mwizi, hali wewe ndiwe uliyefagia uwanja.

Tarehe 17 Julai 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, iliamua kwa kauli moja kwamba Finland ilivunja haki yake ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Mahakama haikusema kwamba sheria ilikosekana, kwa maana sheria ya Finland juu ya kumbukumbu za watu ilikuwapo tangu mwaka 1987, nayo ilimtaka mwenye kumbukumbu azilinde. Kosa lilikuwa kwamba hospitali haikuifuata sheria hiyo kwa vitendo. Laiti ingaliwaruhusu waganga wanaomtibu mgonjwa peke yao, au ingaliweka orodha ya kila aliyelifungua jalada, mama huyu asingalisimama mahakamani mikono mitupu. Kumpa haki ya kudai fidia baada ya madhara hakukutosha. Alistahili ulinzi wa kweli tangu mwanzo.

Daftari la nyayo

Orodha hiyo ya waliofungua majalada nitaiita daftari la nyayo. Ufundi wake si mgumu. Kila mtumishi ana jina lake na neno lake la siri. Kila alifunguapo jalada, kompyuta yenyewe huandika mstari mmoja: nani, jalada la nani, siku gani, saa ngapi, kwa mashine ipi, na alifanya nini, kama alisoma, aliandika au alichapa. Mstari huongezwa chini ya ile iliyotangulia, wala hapana ruhusa ya kufuta, hata kwa mganga mkuu.

Msomaji atauliza: fundi wa kompyuta naye atashindwa kufuta? Hapa hisabati hutusaidia. Kompyuta huzipigia hesabu herufi zote za mstari na kupata namba moja ndefu, ambayo ni kama muhuri wa mstari huo. Muhuri huo huingizwa katika mstari unaofuata na kuhesabiwa pamoja nao, na vivyo hivyo mstari hata mstari, mithili ya shanga katika uzi mmoja. Mtu akibadili herufi moja ya juzi, muhuri wa juzi hauafiki tena, na mistari yote ya baadaye yamshuhudia. Ili fundi asipate kuupiga upya mnyororo mzima, muhuri wa mwisho wa kila siku hupelekwa kuhifadhiwa mahali asipopafikia. Gharama yake ni ndogo sana.

Shida kubwa haimo katika hisabati. Imo katika desturi zetu. Daftari la nyayo hufaa pale tu ambapo kila mtu ana mguu wake. Wodini, ambako wauguzi wawili wahudumia vitanda arobaini, ni jambo la kawaida neno la siri la mmoja kutumiwa na zamu nzima, tena pengine limeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa pembeni mwa kioo. Hapo daftari litaandika kwamba muuguzi mmoja alikuwa kazini siku saba usiku na mchana. Tusiwalaumu haraka wauguzi. Ikiwa kuingia katika kompyuta huchukua dakika tatu na mgonjwa ahema, mtu mwenye utu atatumia mlango ulio wazi. Mtengenezaji wa mitambo ndiye anayepaswa kuufanya mlango halali uwe mwepesi kuliko ule wa pembeni.

Vilevile pasiwe na kufuli lisilo na njia ya dharura. Daktari wa zamu akutanapo na mgonjwa asiye wake aliye hatarini, aruhusiwe kulifungua jalada papo hapo kwa kuandika sababu; na asubuhi mtu mwingine aipitie sababu hiyo. Siri isiyofunguka hata kwa kuokoa roho nayo ni aina ya maradhi.

Daftari la nyayo halimzuii mwizi wa nje. Finland hiyohiyo ilijifunza hilo mwaka 2020, ilipojulikana kwamba kumbukumbu za wagonjwa wapatao 33,000 wa kampuni ya tiba ya nafsi iitwayo Vastaamo zilikuwa zimeangukia mikononi mwa mhalifu. Kwanza aliitaka fidia kampuni, kisha akawaandikia wagonjwa mmoja mmoja kuwadai euro 200 ili yale waliyoyanong'ona mbele ya tabibu yasitangazwe. Mwaka 2021 kampuni ilifilisika, na katika mwaka huohuo mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi ile iliitoza faini ya euro 608,000. Kwa adui wa namna hii dawa ni nyingine: maandishi yageuzwe kuwa mafumbo ambayo bila ya ufunguo hayasomeki, na mashine yenye kumbukumbu isiwe wazi kwa ulimwengu.

Kufuta jina hakutoshi

Wako wanaosema: habari zikitolewa kwa watafiti, futa majina, na siri imehifadhika. Rai hii yaonekana kuwa ya akili, lakini ni ya hatari.

Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliwapa watafiti habari za matibabu ya watumishi wapatao 135,000 wa serikali pamoja na jamaa zao. Majina yaliondolewa, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta zikaachwa. Gavana William Weld aliwahakikishia wananchi kwamba siri zao zi salama. Mwanafunzi mmoja wa sayansi ya kompyuta, Latanya Sweeney, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikokuwa akiishi gavana, kwa dola 20, akazilinganisha orodha mbili hizo. Watu sita tu wa Cambridge walizaliwa siku moja na gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Na mmoja tu aliishi katika eneo lake la posta. Jalada la gavana likapatikana. Baadaye Sweeney alikadiria kwamba mambo matatu hayo yatosha kumtambulisha Mmarekani katika watu 87 kwa kila 100. Mtafiti mwingine aliyerudia hesabu mwaka 2006 alipata 63. Hata hiyo ndogo ni kubwa.

Msomaji aweza kuipima hesabu hii kwa kalamu. Katika miaka 80 mna siku 29,200. Zidisha kwa jinsia mbili, upate visanduku 58,400. Tuseme kata yetu ina watu 20,000. Wagawe katika visanduku hivyo, nawe utaona kwamba visanduku ni vingi kuliko watu; lau wangetawanyika sawasawa, watu kama saba katika kila kumi wangekuwa peke yao kisanduku kizima. Kwa kweli hawatawanyiki sawasawa: watoto, kwa kuwa ni wengi, hujificha katika wingi wao, na wazee huonekana upesi zaidi. Sasa toa siku na mwezi, bakiza mwaka tu. Visanduku vinakuwa 160, na kwa wastani kila kimoja kina watu 125. Mtafiti hakupoteza kitu kikubwa. Mgonjwa amepata kichaka cha kujifichia. Sweeney na mwenzake Pierangela Samarati waliligeuza wazo hili kuwa kanuni mwaka 1998: kisitolewe kisanduku chenye watu wachache kuliko idadi iliyowekwa.

Kwetu vijijini kanuni hii yahitaji uangalifu zaidi. Taarifa ikisema kwamba katika kijiji fulani yuko mtoto mmoja wa kiume wa miaka tisa mwenye selimundu, jina halikutajwa, lakini kijiji kizima kimekwisha mjua.

Sheria za kwetu

Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 iliamuru kwamba matokeo ya kipimo yawe siri. Lakini ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ndiyo iliyozihesabu habari za afya kwa jumla kuwa taarifa nyeti zenye masharti makali zaidi, ikampa mwananchi haki ya kuziona taarifa zake na kudai zisahihishwe, na ikaunda Tume ya kuisimamia.

Kenya ilitunga Sheria yake ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaongeza sheria mahususi ya afya ya kidijitali. Hata hivyo uamuzi mashuhuri zaidi ulitangulia sheria hizo. Mwezi Februari 2015 Rais aliagiza zikusanywe habari za watoto wa shule na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Nia ilielezwa kuwa ni kuwahudumia. Lakini fomu ziliunganisha majina ya watu na hali zao. Tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha iliyomo katika ibara ya 31 ya Katiba, ikaamuru majina yatenganishwe na hali za wenyewe. Mahakama haikukataza takwimu. Iliuliza tu: ili kujua ni watoto wangapi wahitaji dawa, kuna haja gani ya kujua ni mtoto wa nani?

Hilo ndilo swali ambalo kila fomu na kila kioo cha kompyuta chapasa kuulizwa. Nami nina sababu yangu ya kulisisitiza.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka mama yangu hospitali. Karani wa mapokezi, kijana mwenye adabu, alimwamkia mama, akatafuta jina lake, akakigeuza kioo upande wangu. “Mwalimu, hebu nisaidie, mama ni yupi hapa?” Majina yaliyofanana yalikuwa saba, na mbele ya kila jina palikuwa na kliniki anayohudhuria mgonjwa. Nilimwonyesha la nne, ambalo ndilo la mama. Lakini jicho lilikuwa limekwisha pita juu ya la pili, na mwenye jina hilo ni jirani yetu.

Kijana yule hakuvunja kanuni yoyote aliyofundishwa. Daftari la nyayo, lau lingekuwapo, lingeandika kwamba karani halali alitafuta jina halali saa za kazi. Mimi, niliyeisoma siri isiyo yangu, nisingeandikwa popote. Kosa lilikuwa la aliyeutunga mtambo, ambaye aliona ni vema kioo cha mapokezi kionyeshe kliniki ya mtu, hali jina, mwaka wa kuzaliwa na mtaa vingetosha kabisa. Naye, kwa mujibu wa kazi yangu, aweza kuwa mwanafunzi wangu.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji, mtakapokwenda hospitali, msione haya kuuliza mambo matatu. Nani aweza kulifungua jalada langu? Nikitaka kujua waliolifungua, nitaonyeshwa? Na kila mmoja wao huona kiasi gani? Wakuu wa hospitali wenye majibu watafurahi kuulizwa. Wasio nayo wana haja ya kuulizwa mara nyingi zaidi.

Jirani yetu bado tuko naye. Tukutanapo njiani huniuliza hali ya mama, nami humjibu, kisha namwuliza hali yake. Husema ni mzima, alhamdulillahi. Nami huitikia kama mtu asiyejua kitu.